Uzoefu wangu na karakana ya boti hapa Bukavu: umeme unakula shaba, fundi anasingizia ziwa

Jina la karakana silitaji. Nitasema tu yaliyonipata, maana nimelipa pesa yangu na bado nina hasira.

Haki yao nitawapa kwanza. Injini ikitoa moshi mweusi au ikigoma kuwaka asubuhi, hawa watu wanaijua kazi. Injini yangu ya mazutu (dizeli) waliifungua yote na kuifunga, na mpaka leo inakwenda kisiwa cha Idjwi na kurudi bila shida. Kwa hiyo nilipowapelekea tatizo la umeme nilikwenda kwa imani. Imani hiyo imekwisha.

Boti yangu ni ya mbao. Chini ya maji, ubavuni, kuna mdomo wa shaba ya manjano unaovuta maji ya ziwa ili kupoza injini. Msimu wa mvua uliopita batri zilianza kufa usiku, ilhali swichi kubwa ilikuwa imezimwa. Tunachaji, zinakufa tena. Halafu tulipoivuta boti nchi kavu ili ipakwe rangi, nikauona ule mdomo. Shaba iliyokaa majini huwa na ukoko wa kijani. Huu ulikuwa unang'aa, umejaa vitundu, na nilipoukwangua kwa kisu nikakuta rangi ya waridi, ukamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki; hapa zinki ilikuwa imeshatoka, imebaki shaba nyekundu tupu, haina nguvu. Mdomo ule ukikatika katikati ya ziwa, tundu linabaki wazi na boti inajaa maji. Mimi nabeba watu. Nabeba mama wenye watoto mgongoni.

Fundi mkubwa akaugeuza mkononi mara moja tu, akasema: "Gesi ya ziwa hiyo. Kivu inakula chuma."

Gesi! Kila kitu kikiharibika Bukavu ni gesi. Ni kweli methani na kaboni dioksidi zimo ziwani, nyingi sana, lakini zimefungiwa kilindini, nyingi ziko chini ya mita 250 hivi. Mdomo wangu uko chini ya maji kwa urefu wa mkono. Na boti ya jirani, iliyofungwa kando ya yangu, ina shaba ya namna ile ile na haijaguswa. Gesi inachagua boti ya nani?

Akaweka mdomo mpya, nikalipa. Hazikupita wiki nyingi, mpya nao ukaanza kugeuka waridi. Nikarudi. Nikamwuliza kwa adabu kama si umeme unaovuja kutoka batri, kwa sababu mjomba wangu aliyefanya kazi ya meli kule Kalemie alikuwa ameniambia hivyo kwa simu. Akanijibu mbele ya vijana wake na mbele ya wateja: "Mama, wewe uza mananasi yako, mambo ya umeme utuachie sisi."

Watu wakacheka. Neno lile bado linanichoma ninapoandika. Boti ni yangu, batri ni zangu, na abiria wakizama ni mimi nitakayeulizwa.

Mjomba alikuwa amenieleza vizuri, na nawaelezea wenzangu wenye boti. Metali mbili tofauti zikiwa majini, zikagusana au zikaunganishwa kwa waya, moja huliwa, lakini polepole. Waya chanya wa batri ukivuja ndani ya maji ni jambo jingine kabisa, kwa sababu sasa una volti 12 zinazosukuma. Umeme hutafuta njia ya kurudi kwenye hasi ya batri, na hasi hiyo imefungwa kwenye injini, ambayo imeshikana na shafti, yaani chuma kinachozungusha panga, na panga lenyewe linalosukuma boti, lililo majini. Basi umeme huingia kwenye mdomo wa shaba kutoka ndani, hutokea nje, hupita ziwani mpaka kwenye panga. Pale unapotoka kwenye metali kuingia majini ndipo metali huliwa. Panga langu lilikuwa zima kabisa, na hilo peke yake lingemwambia fundi kitu. Mwanasayansi Faraday alishaipima sheria hii tangu miaka ya 1830: ampea moja ikitoka kwenye shaba mchana na usiku, huondoka karibu gramu 28 kwa siku. Fyuzi haikatiki kwa uvujaji mdogo hivyo. Inakaa kimya, na shaba inakwisha.

Aliyenisaidia ni mwanafunzi wa fundi huyo huyo, kijana mdogo. Bosi wake alipokwenda kula, akaja na multimita, kile kipimo cha umeme. "Mama, njoo uone." Akatoa waya wa chanya kwenye batri, akaiweka mita katikati ya batri na waya, kila kitu kikiwa kimezimwa. Namba ilipaswa kukaa karibu na sifuri. Haikukaa. Akaanza kutoa fyuzi moja moja. Ya taa, namba haikutikisika. Ya redio, vilevile. Alipotoa ya pampu ya kutoa maji ndani ya boti, namba ikaanguka hadi sifuri.

Pampu hiyo haipiti kwenye swichi kubwa, na ndivyo inavyotakiwa, ili ifanye kazi yenyewe boti ikiwa imeachwa bandarini. Kwa hiyo waya wake una umeme saa zote. Tukainua mbao za sakafu. Kiungo cha waya kilikuwa kimezungushiwa skochi tu, kimelala ndani ya maji machafu, karibu kabisa na mdomo wa shaba. Na ule waya wa masi uliotakiwa kuuunganisha mdomo na hasi ya injini ulikuwa umeoza na kukatika. Ungekuwa mzima, umeme ule ungerudi kwa njia ya waya badala ya kupita ziwani.

Kijana akakata kiungo, akalehemu kipya, akakivika mpira wa kubana, akakifunga juu mbali na maji. Akavuta waya mpya wa masi. Muda wa kupika foufou haukuisha. Tangu siku hiyo batri zinaamka na nguvu, na mdomo una rangi yake.

Hapo nilikuwa karibu kuwasamehe. Nilikuwa tayari kusema: karakana ni nzuri, bosi ni mkali tu, nendeni mwombe kijana.

Halafu nikafungua fishi ya kamba tunayochomeka bandarini ili kuchaji batri. Waya wa kijani na njano, wa ardhi, ulikuwa umekatwa na koleo, umekunjwa nyuma. Nikauliza. Fundi mkubwa akasema bila aibu kwamba alikata yeye, ili umeme wa bandari usile shaba yangu.

Nimekosa usingizi kwa ajili ya jambo hilo. Waya wa ardhi unaweza kweli kuiunganisha boti yako na chuma za boti nyingine na kusababisha kuliwa, lakini kuna kifaa cha diodi cha kuzuia volti ndogo inayokula metali huku ardhi ikibaki. Ardhi haikatwi! Ikikatwa, chaja ikiharibika, volti 220 zinaingia kwenye injini, kwenye shafti, kwenye maji, na hakuna kinachokata umeme. Maji yasiyo na chumvi ya bahari hupitisha umeme vibaya kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo mwogeleaji ndiye anakuwa njia. Miliampea kumi na kitu zinatosha kukaza misuli yake asiweze kupiga mkono. Na pale tunapofunga boti watoto wanaruka majini kutwa, mama zao wanafua hatua chache tu kutoka kwao.

Nilipomwambia hivyo, akainua mabega.

Waya wa ardhi umerudishwa, na nimemwambia mwenye boti wa pembeni afungue fishi yake kabla ya kuchomeka tena, kwa sababu naye alitengenezewa pale pale. Kijana siku atakayofungua karakana yake nitampelekea boti siku hiyo hiyo. Bosi wake, hata ile injini niliyomsifia mwanzo simpi tena. Na pesa ya mdomo wa shaba alioniwekea bila kutafuta chanzo bado naidai.