Miezi minane na kriatini, na kipimo cha figo kilichonitisha

Natamani ningeambiwa hivi siku nilipokuwa nalipia kopo la kriatini, ule unga wa mazoezi, dukani: ukitumia kriatini halafu ukaenda kupima figo, mwambie daktari mapema. Mimi sikusema, nikapoteza usingizi wiki mbili nzima.

Napiga vyuma jioni nikitoka kazini, mwaka wa tatu sasa. Uzito ninaosukuma kifuani uligota kwenye kilo 70, na mwalimu wa jimu akanishauri nijaribu kriatini. Nilidhani ni zile dawa za kuvimbisha misuli. Sivyo kabisa. Mwili unaitengeneza wenyewe kwenye ini na figo, kama gramu 1 kwa siku, na nyingine tunaila kwenye nyama na samaki. Mfaransa Chevreul aliipata kwenye nyama mwaka 1832, na jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki la nyama. Ila ukitaka gramu 4 au 5 kwa chakula peke yake, ni karibu kilo nzima ya nyama ya ng'ombe kila siku, na mfuko wangu hauruhusu.

Nilinunua kriatini monohidreti tupu, aina iliyochunguzwa zaidi kuliko nyingine zote, yenye alama ya Informed Sport kwenye lebo, yaani imepimwa kama ina dawa zilizokatazwa michezoni. Ni unga mweupe, hauna harufu wala ladha ya maana. Kwenye maji baridi hauyeyuki vizuri. Chini ya glasi hubaki chenga zinazosagika menoni kama mchanga. Nikahamia kwenye chai ya rangi ya uvuguvugu, tatizo likaisha.

Wapo wanaoanza na gramu 20 kwa siku kwa wiki moja ili misuli ijae haraka. Nilijaribu, siku ya pili nikaharisha. Nikashuka hadi gramu 5, na baada ya wiki tatu hivi nikaanza kuona tofauti. Inachofanya ni kuisaidia misuli kurudisha nishati upesi katika zile sekunde chache za kusukuma kwa nguvu zote. Pale nilipokuwa naishia mara sita, nikafika nane. Mwezi wa nne nikasukuma kilo 80. Mwili uliongezeka kilo moja na nusu mwanzoni tu, mengi yakiwa maji yanayoingia kwenye misuli.

Mwezi wa sita tukapimwa afya kazini. Kriatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, ilikuwa 128, na karatasi inasema mwisho ni 106. Aliyenipa majibu akasema, "Kaka, figo zako zina shida, fuatilia," akaita mwingine. Nilikaa kwenye benchi la nje nimeishika ile karatasi, namfikiria baba mdogo aliyefariki akiwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki.

Daktari niliyemwona baadaye aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Kuna unga wowote wa mazoezi unaotumia?" Akanieleza kwamba kriatinini ni taka inayobaki kriatini ikivunjika. Ukiongeza moja, nyingine nayo inaweza kupanda bila figo kuwa na ugonjwa. Akaniambia niache mwezi mzima, nisibebe vyuma siku mbili kabla ya kurudi, akaongeza kipimo cha mkojo na cha sistatini C, kipimo kingine cha figo ambacho hakitegemei kriatini. Mkojo haukuwa na protini, sistatini C ikawa sawa, kriatinini ikashuka hadi 97.

Nimerudi kwenye gramu 5 zangu kwa ridhaa yake. Kwa mtu mwenye figo nzima, tafiti hazijaonyesha kwamba kiasi hiki kinaziharibu. Mwenye ugonjwa wa figo ni habari nyingine. Mama mdogo, mwenye kisukari na presha, alipoona mikono yangu akaniomba nimpimie kijiko kimoja. Nilimwambia, "Hapana mama, tukapime figo kwanza, daktari aseme." Akanuna kidogo. Jumatatu nampeleka.