Turbo kubwa kwenye Subaru: shilingi 414,000 kwa farasi 73

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo sitaanza kwa kuwasha gari, majirani wa hii gereji wamenichoka. Naanza na hiki kilicho mkononi. Kamera, sogea kidogo. Sogea tena.

Hii ni turbo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Tazama bapa zake za upande wa hewa. Unaona ncha zilivyoliwa, na ndani ya kasha kuna mistari inayong'aa kama mtu amekwangua sufuria kwa kisu? Sasa nashika shafti. Naitikisa kushoto na kulia: inacheza kidogo. Hiyo peke yake isikutishe, turbo ya beringi za kawaida ikiwa kavu, bila oili, lazima icheze kidogo. Sasa navuta mbele, nasukuma nyuma. Umesikia? Tk, tk. Hapo ndipo pa kuogopa. Shafti ikianza kwenda mbele na nyuma, hiyo si turbo tena, ni kishikilia karatasi.

Niliinunua mpya, ndani ya boksi, elfu 38. Boksi limeandikwa 20G, yaani saizi kubwa, kwa herufi kubwa. Aliyeniuzia simtaji, na hata hivyo kosa lilikuwa la kwangu: bei ilikuwa inaniambia ukweli wote nikakataa kusikia. Ilikaa miezi mitatu. Jumapili moja natoka Museum Hill napandisha Waiyaki Way, natazama kioo, Westlands yote nyuma yangu imekuwa bluu. Matatu ananipigia honi, makanga ananionyesha kwa mkono kwamba naungua. Sikuwa naungua, nilikuwa nachoma oili.

Basi hizo elfu 38 ziweke kando. Ni karo, sizihesabu kwenye bili ya leo.

Gari lenyewe ndilo hili nyuma yangu. Subaru Impreza WRX, bodi ya GDA, injini EJ205 ya lita mbili. Karatasi za Ujapani zinasema nguvu farasi 250. Turbo yake ya asili ni TD04, ndogo, inaamka haraka. Na kila siku mnaniandikia swali lilelile: nikiweka turbo kubwa napata farasi wangapi, na ni pesa ngapi? Mnataka namba moja. Namba moja haipo, lakini nina bili yangu na karatasi za daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari, tuzisome pamoja.

Kwanza tuelewane kuhusu majina ya hizi turbo, maana yanawachanganya watu. Chukua ya Garrett, G25-660. Mtu anaona 660 anaanza kuota. Ile 660 ni farasi ambao turbo hiyo inaweza kuwalisha hewa ikifika mwisho wake. Haikuletei farasi 660. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila ratili moja ya hewa kwa dakika inatosha farasi kumi hivi, basi kiwanda kinapima hewa kisha kinaandika jina. Ni kama kuweka tangi la lita elfu kumi juu ya paa na mfereji wako unatoa maji Jumanne tu. Tangi ni kubwa, sawa. Utaoga lini? Na tangi lenyewe si la mchezo: Garrett ya namna hiyo ni kama dola 2,000, kwa hiyo robo milioni ya shilingi kabla ya usafiri na ushuru.

Mimi sikwenda huko. Nilitafuta VF, turbo ya kampuni ya IHI iliyo kubwa kuliko TD04, iliyotumika, kutoka kwenye STI ya Ujapani, ile Impreza yenye nguvu zaidi. Elfu 70 pale Kirinyaga Road, baada ya kunywa chai mbili na kuondoka dukani mara moja kama nimekasirika.

Fundi wangu aliposhika ile turbo aliigeuza, akapuliza bapa zikazunguka, akaniuliza, "Kijana, huyu umemnunulia mdomo mkubwa. Chakula kiko wapi?"

Na hapo ndipo pesa zinapoanza kutoka. Hewa ikiongezeka, mafuta lazima yaongezeke, la sivyo injini inachoma mchanganyiko mkavu na pistoni zinayeyuka. Injekta nne kubwa, elfu 48. Pampu ya mafuta ya kuzilisha, elfu 16. Intakula, yaani kipoza hewa, ya STI iliyotumika, elfu 30, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inapasha hewa kuliko kuipoza. Mipira, gasketi na paipu mpya ya oili, elfu 19. Kwenye hiyo paipu usibane hata shilingi: nilipokata ile ya zamani ndani ilikuwa nyeusi, oili imeganda kama masizi ya jikoni, tundu limebaki la kupita sindano. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Uinyime oili sekunde chache tu, kwisha habari.

Plagi za baridi zaidi na oili mpya, elfu 14. Geji ya kusoma mchanganyiko wa hewa na mafuta, elfu 22. Kazi ya fundi, elfu 25. Kutyuni upya kompyuta ya injini, elfu 25. Na klachi. Hii klachi sikuwa nimeipanga. Siku ya pili ya furaha, gia ya tatu, nakanyaga, mshale wa injini unapanda, gari limekaa palepale, harufu imejaa ndani kama mtu anachoma viatu. Elfu 60.

Jumlisha: 329,000. Ndani ya hizo, turbo ni elfu 70 tu. Hata robo haifiki. Kwa hiyo mtu akikuambia "turbo ni elfu 70", hajakudanganya, ameishia njiani.

Lakini ngoja, kabla ya hayo yote nilikuwa nimefanya kitu kingine, na ndicho nataka mkisikilize. Nikiwa bado na TD04 yangu ya asili, nilibadilisha bomba la ekzosi linalotoka kwenye turbo, nikaweka la inchi tatu, elfu 45 na kuchomelea. Kisha nikatyuni, elfu 40. Jumla 85,000.

Karatasi za daino sasa. Mashine ileile, gia ileile, na nguvu imepimwa kwenye magurudumu, si kwenye injini. Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani: farasi 165. Usishtuke na ile 250 ya Ujapani. Ile ilipimwa kwenye injini, na hapa kuna giaboksi, difu mbili na shafti katikati, zote zinakula chao. Baada ya bomba na kutyuni: 195. Baada ya VF na msafara wake wote: 238.

Piga hesabu. Farasi 30 wa kwanza wamenigharimu 85,000, kama 2,800 kila mmoja. Farasi 43 waliofuata, 329,000. Kila mmoja 7,650. Farasi ni walewale, wanakula nyasi zilezile, lakini hawa wa pili wamekuja na ndege.

Na sasa niwaonyeshe ujanja mmoja wa hapa Nairobi. Mashine ya daino ina kitufe cha kurekebisha hali ya hewa. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, shinikizo la hewa hapa ni kama bar 0.82, Mombasa ni bar 1 na kidogo. Gari lisilo na turbo likipanda kutoka Mombasa mpaka hapa linapoteza karibu farasi mmoja kwa kila sita. Kwa hiyo mashine inakubembeleza: inazidisha namba yako iwe kama uko pwani. Kwa gari lisilo na turbo, sawa, ni haki yake. Kwa gari la turbo ni uongo mtamu, kwa sababu turbo tayari imefidia sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana. Unalipwa mara mbili. Ile 238 yangu, kitufe kikibonyezwa, inasoma kama 290. Karatasi inatoka nzuri, unaiweka kwenye fremu. Gari halijasogea hata sentimita moja zaidi. Ukiona mtu anajigamba na karatasi ya Nairobi, muulize: imerekebishwa au haijarekebishwa? Uso wake utakujibu kabla yeye hajajibu.

Mwinuko huu una hasara nyingine pia. Ukitaka busti, yaani shinikizo ambalo turbo inaongeza juu ya la nje, ya bar moja pwani, turbo inazidisha hewa ya nje mara mbili hivi. Bar moja hiyohiyo hapa, lazima izidishe mara 2.2. Ukitaka injini ipate shinikizo lilelile la pwani, inabidi ifike mara 2.45. Yaani turbo inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ikiwa moto zaidi, na injini inakaribia kugonga, yaani mafuta kulipuka vibaya ndani yake. Ndiyo maana ramani ya kutyuni iliyonunuliwa mtandaoni, ya mtu wa Uingereza anayeishi kando ya bahari, usiiweke hapa ukalala usingizi. Tena Ujapani ukijaza petroli ya daraja la juu ni oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) 98 mpaka 100, na gari hili lilizaliwa likinywa hiyo. Super yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Mimi najaza ile ya bei ya juu, na bado fundi alirudisha nyuma muda wa cheche. Kuna farasi aliwaacha mezani kwa makusudi. Nilinung'unika siku hiyo, leo namshukuru.

Mnaniuliza, je, barabarani likoje? Nitasema ukweli. Southern Bypass asubuhi na mapema, gia ya tatu, kuanzia mizunguko 4,000 kwenda juu, gari hili ni raha tupu. Linavuta mpaka 6,500 bila kuchoka, wakati TD04 ilikuwa inakata pumzi kwenye 5,500. Lakini chini ya 3,500 limekuwa zito kuliko zamani. Turbo kubwa inachelewa kuamka, na hewa nyepesi ya hapa inaichelewesha zaidi. Sasa niambie, foleni ya Mombasa Road saa kumi na mbili jioni, wewe uko kwenye mizunguko mingapi? Elfu moja mia tano. Unakanyaga, unangoja, bodaboda ameshakupita, turbo ndiyo inaamka na mbele yako kuna tuta. Mke wangu aliendesha mara moja mpaka Ngong Road, akarudisha funguo akasema, "Baba Amani, mbona umeliharibu?" Sikuwa na jibu.

Mwenye Golf GTI ya Mk7, wewe hesabu yako ni nyepesi. Kiwandani ni farasi 220 au 230, na kwa kutyuni tu, turbo ileile na petroli nzuri, unaweza kukaribia 290 kwenye injini. Turbo ya Golf R inaingia palepale ilipokaa ya zamani, lakini ukishaizoea hiyo 290, sidhani utaiwaza kwa mwaka mzima.

Na nyie wa Mark X. Jamani. Kila video. Injini ya lita 2.5 ile ina mgandamizo wa 12 kwa 1, tayari inabana hewa mno, haikuzaliwa kwa turbo. Ukiibusti kidogo tu inaanza kugonga. Ili uifanye vizuri unafungua injini, unabadilisha pistoni, unatafuta kompyuta nyingine, na bei yake unakwenda kununua gari lililokuja na turbo kutoka kiwandani. Nawapenda, lakini hapana.

Ningerudi nyuma, ningeishia kwenye zile 85,000. Bomba, kutyuni, basi. Kilichobaki ningekipeleka kwenye breki na matairi, maana gari hili sasa linakwenda kuliko linavyosimama, na hilo nililigundua kwenye mteremko wa Mai Mahiu nyuma ya lori la mawe. Wa kuweka turbo kubwa ni yule anayekwenda mashindano ya kupanda kilima, injini haishuki chini ya 4,000 siku nzima, na ana gari lingine la kumpeleka kazini.

Je, nitaing'oa? Hapana, na msiniulize kwa nini.

Sikiliza, hebu nyamaza kidogo. Umesikia hiyo "ch-ch-ch-ch" ikiwa baridi? Ni gasketi ya ekzosi chini ya turbo, ya pili mwezi huu. Gesi inavuja kabla ya kufika kwenye turbo, basi inachelewa kuamka hata zaidi. Elfu tatu na mia tano, na kuifikia lazima turbo yote itoke tena. Fundi ameshafika na spana. Kamera zima, njoo unishikie taa.