Black Sabbath kwa hedifoni na gita: uzoefu wangu na albamu zao, 1970 hadi 2013

Ukitaka kujua Black Sabbath, bendi ya roki nzito kutoka Birmingham, Uingereza, walibadilika vipi, usianze na nani alikuwa anaimba. Shika tyuna, kile kifaa cha kupimia noti za nyuzi. Nimezipitia albamu zao hedifoni masikioni na gita mapajani, na mara nyingi jibu nimelikuta kwenye nyuzi za Tony Iommi, mpiga gita wao.

Albamu ya kwanza, iliyotoka Februari 1970, ilirekodiwa London Oktoba 1969 kwa siku moja chini ya prodyuza Rodger Bain. Inasikika hivyo hivyo: watu wanne chumbani, hakuna nafasi ya kupamba. Mvua na kengele za mwanzoni ziliongezwa baadaye. Rifu, yaani kipande cha gita kinachorudiwa, ya wimbo wenye jina la bendi ina noti tatu tu: G, G ya oktavu ya juu, kisha C#. Kati ya G na C# kuna freti 6 (vile vyuma vya kukingama shingoni mwa gita), nusu kamili ya oktavu, na hapo ndipo hofu yote inapokaa. Hiyo C# lazima uitetemeshe kwa kidole. Ukiipiga kavu inakuwa zoezi la darasani. Gita liko kwenye tyuni ya kawaida (E, A, D, G, B, E), kwa hiyo hata anayeanza anaweza kuifuata. Ukinunua sahani ya santuri, tazama orodha ya nyimbo kwanza: toleo la Uingereza la wakati ule lina “Evil Woman”, la Marekani lina “Wicked World” mahali pake.

Paranoid, ya mwaka huohuo, ndiyo wengi wanayoijua. Wimbo wenye jina la albamu ulitungwa harakaharaka kujaza nafasi, ukaishia kuwa ndio unaowatambulisha. Nzuri mwanzo mwisho, lakini kwa upande wa sauti haiendi mbali na ile ya kwanza.

Mabadiliko yenyewe yako kwenye Master of Reality, 1971. Iommi alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17. Naye ni mashoto, hivyo mkono ulioumia ndio unaobana nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa na ngozi, akatumia nyuzi nyembamba, na kwenye albamu hii akazilegeza nusu-toni 3 (sawa na freti 3) ili zisimuumize. Geezer Butler akashusha besi yake pia. Msikilize “Into the Void” au “Children of the Grave”: noti ya chini kabisa ni C#, na uzi unacheza kiasi cha kusikika ukijipinda.

Ukijaribu mwenyewe, tyuni kuanzia uzi mnene: C#, F#, B, E, G#, C#. Kushuka nusu-toni 3 kunapunguza mkazo wa uzi kwa karibu asilimia 30, na hapo matatizo huanza. Seti ya kawaida ya 10 hadi 46 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi) inalegea. Ukibana kwa nguvu noti inapanda na kusikika imepotea. Shingo nayo, ikikosa mvuto wa nyuzi, inanyooka kupita kiasi, na nyuzi zinaanza kugusa freti za mwanzo na kuzimika. Legeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, subiri kidogo, tyuni tena, ndipo upime. Ukitaka mkazo uleule wa zamani, weka seti ya 12 hadi 54 au karibu na hapo. Nyuzi nene zinaweza kukwama kwenye mifereji ya kule juu ya shingo: ukisikia “tik” unapozungusha funguo, mfereji ni mwembamba, mpe fundi aupanue. Ila tahadhari, kwa nyuzi nene hutapata ule mlegeo wa Iommi. Mimi napenda za 10 na mkono mwepesi.

Kosa jingine ni kujaza mkwaruzo (distortion). Iommi alikuwa na Gibson SG, amplifaya ya Laney, na mbele yake kifaa kidogo cha kuongeza sauti za juu. Mkwaruzo wake ni mdogo kuliko unavyodhani. Punguza besi kwenye amplifaya, pandisha sauti za kati, umwachie Geezer kule chini. Waliokulia kwenye dansi wamezoea solo, ridhimu na besi kila moja na njia yake. Hapa Iommi ni solo na ridhimu kwa pamoja, besi inamfuata noti kwa noti, na anayezunguka huru ni Bill Ward kwenye ngoma, mtu wa jazi kabisa. Wanaomwiga kwa kupiga sawasawa kama saa wanaua wimbo.

Vol. 4 (1972) na Sabbath Bloody Sabbath (1973) zinaongeza piano na kinanda. Rick Wakeman, mpiga kinanda wa bendi ya Yes, yumo kwenye “Sabbra Cadabra”. Sabotage ya 1975 ina hasira ya watu wenye kesi na meneja wao wa zamani, na kwangu ndiyo ya mwisho isiyo na wimbo wa kuruka. Mbili zilizofuata, Technical Ecstasy na Never Say Die!, sizirudii.

Mwaka 1979 akaingia mwimbaji Ronnie James Dio, na 1980 ikatoka Heaven and Hell, prodyuza Martin Birch. Ozzy Osbourne, mwimbaji wa mwanzo, alikuwa akiimba juu ya rifu yenyewe, melodi ileile ya gita. “Iron Man” ni mfano wazi. Dio anapita katikati ya kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) na njia yake mwenyewe, hivyo Iommi analazimika kuandika kodi zinazosogea. Sauti imesafishwa, kila chombo kinaonekana. Born Again ya 1983, na Ian Gillan, ni kinyume: tope tupu. Nimejaribu kupunguza sauti za chini kwenye apu, haisaidii sana.

Albamu iitwayo 13, ya 2013, ilirudisha Ozzy na Geezer, prodyuza Rick Rubin, lakini ngoma zilipigwa na Brad Wilk. Rifu ni nzuri. Tatizo ni kwamba sauti imebanwa hadi ukingoni, polepole na kishindo vinafika sikioni kwa nguvu ileile. Kwa hedifoni nachoka nyimbo tatu tu. Kwenye spika, sauti ya chini, inavumilika.

Wanne wa mwanzo, Ward akiwemo, walipiga pamoja mara ya mwisho kwenye uwanja wa Villa Park, Birmingham, tarehe 5 Julai 2025, siku 17 kabla Ozzy hajafariki. Walipiga “War Pigs”, “N.I.B.”, “Iron Man” na “Paranoid”. Zote za 1970, na zote kwenye sahani ziko kwenye tyuni ya kawaida, kwa hiyo za kuanzia hizo hapo, nyuzi usiziguse.