Kipima upepo cha elfu 45: ubishi kimeumaliza, betri ndiyo kero

Jumamosi nanyonga baiskeli. Natoka Bunju, navuka Mto Mpiji, napita Mapinga na Kerege, na spidomita ikigonga kilomita 20 nageuza. Miaka mitatu wimbo wangu umekuwa mmoja: nikienda upepo usoni, nikirudi upepo usoni. Jirani yangu anakimbia, wala habishani na mimi, naye analia kilio hichohicho. Anayetucheka ni mzee mmoja mvuvi pale mtaani, anasema upepo una majira yake, kusi ni kusi na kaskazi ni kaskazi, na hakuna chombo kinachopata mbisho, yaani upepo wa usoni, kwenda na kurudi.

Basi nikaenda Kariakoo nikanunua kipima upepo cha mkononi. Elfu 45, baada ya kuanzia elfu 70. Ni kadude ka kushika kiganjani, juu kana feni ndogo ya plastiki, chini kioo cha namba. Kinasoma kwa kilomita kwa saa, noti na mita kwa sekunde. Nilikifunga kwenye usukani kwa kipande cha tyubu kuukuu, feni ikitazama mbele.

Asubuhi ya kwanza palikuwa shwari kabisa, majani ya minazi yamelala. Spidomita 22, kipima upepo 22. Nikapunguza hadi 15, nacho 15. Hapo nikaanza kucheka peke yangu barabarani. Upepo ule nilikuwa nautengeneza mwenyewe kwa kunyonga.

Kazi yenyewe ilikuja Agosti, kusi imechachamaa. Nilisimama kando ya barabara nikapima: 14. Safari ya kwenda Bagamoyo kusi inakusukuma mgongoni, nikawa natembea 30 bila taabu, nikijisifu kwamba miguu imeiva. Kipima kikasoma 16. Nikadhani kimeharibika, au kinapima upepo wa nyuma, maana kasoro yake kubwa ni kwamba feni ikizunguka upande wowote chenyewe kinaandika namba tu, mwelekeo hakikwambii. Nikasimama, nikachana utepe wa kitambaa kutoka kanga iliyokuwa imefungia chupa ya maji, nikaufunga juu ya usukani. Nilipoanza kunyonga ulipepea kidogo huku na huku, halafu ukalala kunielekea mimi, ncha yake ikinipiga kidevuni. Upepo unanisukuma, na bado naupokea usoni! Hesabu yake ni 30 toa 14. Ili usikie upepo mgongoni ukiwa juu ya baiskeli, lazima wenyewe ukushinde mbio.

Kurudi sasa. Mwendo 15 kwa kuhema, kipima 29. Na ukinzani wa hewa hauongezeki sawa na upepo: ukizidisha upepo mara mbili, mzigo unakuwa mara nne. Kwenda nilitumia dakika 40, kurudi dakika 80. Kilomita ni zilezile, lakini theluthi mbili ya muda nilikuwa kwenye mbisho, na siku shwari safari nzima haifiki dakika 110. Kusi iliniazima kidogo ikanidai kingi.

Upepo wa ubavuni nao ni mwizi. Pale penye kona unakutana nao unakukata kulia, utepe unakaa mshazari. Ukienda 20 na ubavuni 15, ukikigeuza kipima kifuate utepe kinasoma 25. Ukikiacha kitazame mbele tu kinakudanganya.

Jirani alipoona namba akanikumbusha Eliud Kipchoge kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alipomaliza kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Mwendo ule ni kama kilomita 21 kwa saa, kwa hiyo hata hewa ikitulia tuli unakata upepo wa 21 saa mbili mfululizo. Ndiyo maana walipangwa wakimbiaji wa kumkinga, wengine mbele, wengine nyuma.

Turudi kwenye bidhaa. Namba inasomeka hata juani. Upepo mwanana hakiusikii, feni inagoma mpaka uwe na nguvu kidogo. Kifuniko cha betri ndiyo aibu: kilichomoka kwenye tuta la kwanza, siku hizi kimeshikwa na selotepu. Betri yenyewe ni ile bapa kama sarafu, na nimeshabadilisha mbili kwa sababu kitufe cha kuwasha kinajibonyeza chenyewe mfukoni. Karatasi ya maelezo imejaa Kichina kitupu.

Nyota tatu kati ya tano. Kama unataka tu kujua upepo unatoka wapi, funga utepe, ni bure. Si bure sana, kwa kweli: mke wangu anadai kanga yake nzima, jozi.