Wiki 12 za mazoezi ya moyo, Malindi hadi Lamu: uzoefu wangu

Mwaka jana mwezi wa saba nilizibuliwa mshipa wa moyo Mombasa, nikawekewa stenti moja, yaani kijibomba cha kuuacha mshipa wazi, nikarudi nyumbani Lamu na mfuko wa dawa na karatasi iliyoniambia nifanye "mazoezi mepesi". Mepesi kiasi gani, sikuambiwa. Mimi ni fundi wa milango. Zaidi ya miaka 30 nimeshika patasi na nyundo, na mbao za mbambakofi ninazozigeuza karakanani hazina wepesi wowote. Basi nikashika lile nililoliona salama: nikalala. Kitanda changu kikashushwa kutoka ghorofani, maana ngazi za nyumba yetu ni za wima kama za nyumba nyingi za mji wa kale. Kila aliyekuja kunijulia hali aliniambia, "Pumzika, usijisumbue." Nilikaa hivyo wiki tano. Msikiti uko hatua chache tu kutoka mlangoni, lakini nilikwenda mkono kifuani, nikiusikiliza moyo kama unapiga sawasawa. Usiku mapigo yakibadilika kidogo, usingizi ulikwisha hapo hapo.

Mpwa wangu anayekaa Malindi ndiye aliyeniambia kuna kliniki ya fiziotherapia yenye mpango wa wiki 12 kwa wagonjwa wa moyo. Wa karibu huhudhuria mara tatu kwa wiki. Sisi wa mbali tunapimwa pale mara tatu, mwanzo, katikati na mwisho, na siku nyingine tunafanya nyumbani na kupigiwa simu kila wiki. Nililipa shilingi 2,500 kila nilipokwenda na 6,000 kwa ufuatiliaji wa simu, zote mfukoni mwangu. Walikataa kabisa kuanza bila barua ya daktari wa moyo, kipimo cha umeme wa moyo na orodha ya dawa zangu. Siku ile niliona wananizungusha. Sasa namwambia kila mtu: kliniki isiyokuuliza karatasi hizo, toka.

Kipimo cha kwanza bado nakiona mbele ya macho. Ukumbi mrefu, viti viwili vimewekwa mita 30 kutoka kimoja hadi kingine, na sakafuni vipande vya plasta kila mita 3. Binti aliyenihudumia, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, alinipima presha, akanivalisha kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni, akasema, "Baba, utatembea dakika 6, kwenda na kurudi. Si mashindano. Ukichoka simama, ukipata nguvu endelea." Kilichonishangaza ni kwamba hakutembea sambamba nami. Alikaa nyuma yangu kidogo. Nilipomuuliza baadaye akanieleza kwamba akiwa kando yangu nitafuata mwendo wake, na yeye anataka kuujua wangu. Kila dakika aliniambia zimebaki ngapi, kwa sauti ile ile, bila kunishangilia. Nilisimama mara moja. Nilitembea mita 310.

Nilipokuwa nimekaa napumua nikamwambia yale ya nyumbani, kwamba wazee wanasema moyo ukishaugua unatakiwa kutulizwa. Hakuwadharau. Akasema hata madaktari walikuwa wakiamini hivyo, mgonjwa akilazwa kitandani wiki nyingi, mpaka Samuel Levine na Bernard Lown wa Marekani walipoandika mwaka 1952 juu ya kuwaketisha wagonjwa kitini mapema badala ya kuwalaza. Kulala sana hudhoofisha misuli na kunaweza kugandisha damu miguuni. Yaliyofuata ni watafiti kuona kwamba anayefanya mazoezi kwa mpango baada ya shambulio la moyo hupunguza uwezekano wa kurudi hospitali na wa kufa kwa ugonjwa wa moyo. Kaka yangu mkubwa nilimpa maneno hayo kama nilivyopewa, naye ndiye aliyeacha kuniambia nilale.

Sasa nije kwenye kitu kilichonisaidia kuliko vyote: kadi ya namba. Inaanza 6, inaishia 20. Ni jedwali la Borg, mtaalamu wa Sweden. Sita ni umekaa tu, 20 ni huwezi tena hata hatua moja. Nikauliza kwa nini isianze na moja kama hesabu zote. Akasema zidisha kwa kumi, utapata takriban mapigo ya moyo ya kijana mzima akiwa katika kazi hiyo. Lakini mimi nisihesabu mapigo, kwa sababu moja ya dawa zangu inaupunguza moyo kasi kwa makusudi, na mapigo yangu hayapandi kama ya mtu mwingine. Nijisikilize, nitaje namba. Kazi yangu iwe kati ya 11 na 13. Kwa fundi hilo linaeleweka: kipimo unachokishika mkononi. Kusukuma randa juu ya ubao mlaini, 11. Kupanda ngazi zetu bila kusimama, wakati ule, 16. Nilijua lipi la kufanya na lipi la kungoja, na ile hofu ya kujishika kifua ikaanza kupungua hata kabla miguu haijapata nguvu.

Kadi nikiisahau, kuna kipimo kingine: kuzungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo ni sawa. Lamu kipimo hicho hakina gharama. Pita ukuta wa pwani asubuhi uone. Salaam aleikum, umeamkaje, watoto hawajambo, fulani karudi? Nikiitika mpaka mwisho na kuuliza zangu, nasonga mbele. Nikiitika nusu, napunguza. Shida ni kwamba kila salamu inakusimamisha, nami nilitakiwa nitembee dakika 10 mfululizo, kisha 15, kisha 20. Nikahamishia matembezi baada ya swala ya alfajiri, kunapopambazuka, upande wa kuelekea Shela.

Hapo ndipo mpango ulipopungua, na nasema wazi. Karatasi niliyopewa ilisema "dakika 25, mahali tambarare". Mchanga wetu ni tambarare. Lakini siku ya bamvua maji yalikuwa yamejaa mpaka ukutani, nikasukumwa kwenye mchanga mlaini wa juu, na ukanda ule unameza mguu. Dakika ya 12 nilikuwa namba 15 na kifua kikabana, si maumivu makali, kama mkanda unaokazwa. Nilifanya nilivyofundishwa: nikasimama, nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikaweka kidonge cha kupanua mishipa ya moyo chini ya ulimi. Ndani ya dakika 5 kilikuwa kimeachia. Kisingeachia, ningeweka cha pili na kumpigia nahodha wa boti, ambaye namba yake binti yule alinisimamia niiandike siku ya kwanza, kwa kuwa kwetu gari la wagonjwa haliwezi kuingia vichochoroni. Jioni nilimpigia simu binti yule wa kliniki. Alinituma kwa daktari wangu kwanza, nikapimwa tena, nikaruhusiwa kuendelea. Halafu akabadilisha karatasi: maji makuu natembea barazani na uani, maji yakipwa natembea mchanga mgumu ulio mbichi. Alikubali kosa bila kuzunguka, na hilo lilinifanya nimwamini zaidi.

Mazoezi ya nguvu yalianza wiki ya tano: chupa za lita moja zilizojazwa maji, kukaa na kuinuka kitini mara 10, kusukuma ukuta. Sharti kubwa ni kutobana pumzi. Mafundi wote hubana pumzi wanaponyanyua ubao, ndivyo tulivyofunzwa utotoni, na kumbe kubana huko hurusha presha ghafla. Toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha. Hilo nimewafunza wanagenzi wangu wote, wasio na ugonjwa wowote.

Malalamiko yangu mengine matatu. Michoro ya mazoezi ilikuwa na maelezo ya Kiingereza tupu, nikawa namngoja mjukuu arudi shule anisomee. Mtu anaumwa moyo, mwandikieni kwa lugha yake. Na simu za kila wiki zilikosa kupigwa mara mbili, bila taarifa, wiki ambazo nilikuwa na maswali. Ramadhani pia haikutajwa popote. Nilipouliza, binti yule alinijibu vizuri: nirudi kwanza kwa daktari apange saa za dawa na aseme kama nifunge, kisha nitembee usiku baada ya tarawehe, si alasiri nikiwa mkavu na si mara tu baada ya futari. Lakini kwa kliniki iliyo pwani, jibu hilo lilipaswa kuwa kwenye karatasi.

Kipimo cha mwisho, ukumbi ule ule, viti vile vile: mita 445, bila kusimama. Kupanda ngazi za nyumbani sasa ni namba 12 ya kadi, na kitanda kimerudi juu. Kazini nachonga nakshi asubuhi na kuwaachia vijana kunyanyua mihimili. Shela nafika kwa miguu, karibu kilomita 3, na narudi kwa boti.

Ningelipa tena? Ndiyo, na mara mbili ya bei, kama wangetafsiri zile karatasi. Simshauri mtu ambaye kifua bado kinamuuma akiwa amekaa, au anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala. Huyo aanzie kwa daktari. Ukitoka Lamu, fika Malindi siku moja kabla ulale, usipimwe ukiwa na uchovu wa basi. Kula chakula chepesi saa mbili kabla ya kupimwa. Na vaa raba. Mimi nilikwenda na makubadhi, wakanitafutia viatu vya kuazima ndipo nikaanza kutembea.