Ziara ya basi kwenda Penshurst Place: nyumba iendeeni, mwongozaji hapana

Nimejizuia kuandika haya kwa muda, nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Ni ziara ya siku moja kwenda Penshurst Place, jumba la kale la Kent, Uingereza; basi linatoka London asubuhi, linarudi jioni. Tulikwenda kiangazi kilichopita. Mambo ya bei na vituo mtayaona wenyewe kwenye tangazo lao. Mimi nataka kusema juu ya ukumbi mmoja tu na yule kijana mwongozaji aliyetutoa humo mbio mbio.

Ukumbi wenyewe ni wa Sir John de Pulteney, tajiri wa biashara ya nguo aliyekuwa meya wa London mara nne. Alitaka makazi ya shamba yanayolingana na mabwana wakubwa, na mwaka 1341 mfalme akampa rukhsa ya kuzipa kuta zake meno kama za ngome. Rukhsa ile ilikuwa heshima kuliko vita. Alikufa 1349, mwaka wa tauni, na nyumba ikaenda kwa wengine, wakiwemo watoto wa wafalme na madyuki, yaani mabwana wa cheo cha juu. Lakini ukumbi wake upo. Umesimama! Paa la mbao liko karibu mita 18 juu yako, na chini ya boriti kuna sanamu za watu, ukubwa wa binadamu, zimeinama kana kwamba ndizo zinazolibeba. Zimo hata meza ndefu za karne ya 15.

Na katikati ya sakafu, jamani, kuna meko. Meko ya wazi, pembe nane, hayana dohani. Nyumba nyingi za aina hii ziliyang'oa zamani zikajenga mahali pa moto ukutani. Hapa yamebaki. Nilipoyaona ndipo nikaelewa kwa nini ukumbi ni mrefu vile na kwa nini hauna ghorofa juu yake: moshi ulihitaji nafasi ya kupanda.

Nikamuuliza mwongozaji, kwa adabu kabisa, "Moshi ulikuwa unatokea wapi?" Akatazama saa. Akasema, "Hapa walikuwa wanakula tu. Vitu vizuri viko juu."

Walikuwa wanakula tu! Upande mmoja kuna jukwaa alipokaa bwana na wageni wake. Upande wa pili kuna kiambaza cha mbao, na nyuma yake ujia na milango ya kwenda kwenye stoo ya mikate, stoo ya vinywaji na jikoni. Nyuma ya jukwaa kuna ngazi za mawe za kupanda kwenye vyumba vya faragha. Ukisimama pale unasoma cheo cha kila mtu kwa mahali alipokaa. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo: mgeni wa barazani si mgeni wa ndani. Halafu hizo ngazi ndizo zilizobadilisha kila kitu. Kabla karne ya 14 haijaisha, Uingereza walikuwapo waliolalamika kwamba matajiri wanajifungia kula vyumbani, wameuacha ukumbi na watu wao. Hadithi yote hiyo iko ndani ya chumba kimoja, na mtu anayelipwa kuisimulia anaiita mahali pa kula tu.

Nikabaki nyuma kidogo niangalie. Akanipigia makofi. Pa, pa, pa, mbele za watu. Mimi mama mtu mzima mwenye wajukuu! Hata "samahani mama" hakuna. Kule juu sasa, kwenye picha za ukoo wa Sidney, walioipata nyumba mwaka 1552, muda ukawa mwingi ajabu. Picha ni nzuri, sizikatai. Lakini picha za mabwana zimejaa katika kila jumba la nchi ile. Meko kama yale utayaona wapi?

Nikiwa mkweli, dereva ni mtu mwema sana, alimshika mkono bibi mmoja kila aliposhuka. Basi safi. Na bila wao huenda nisingefika Penshurst kabisa. Jioni ile nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu.

Kisha nikawaandikia wenye ziara kulalamika. Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa, kwamba ratiba ilikuwa wazi tangu mwanzo, na nipokee punguzo kwa ziara nyingine. Juu ya makofi, hata neno moja. Nyota tatu zikawa moja papo hapo.

Anayeweza kujipeleka na ajipeleke: panda treni ya Tonbridge, kisha tafuta basi au teksi, ukae ukumbini mpaka uridhike. Na kama huna namna, basi panda nao, ndiyo, nasema panda nao, kwa sababu ukumbi ule ni bora kuuona na watu wasio na adabu kuliko kutouona. Ila ukishaingia usitoke haraka. Nenda mpaka mekoni, inua uso ulitazame paa, zitafute zile sanamu moja moja. Akikupigia makofi, mwache apige. Kiingilio umelipa.