Marafa kwa jioni moja: magenge ya Nyari na familia nzima

Marafa, kijiji chenye korongo la kuta za udongo liitwalo Nyari, ni safari ya siku moja inayostahili mafuta yake, mradi mfike saa inayofaa. Ukienda saa sita mchana utaudhika: kule chini upepo haupiti, kuta zinarudisha joto, na watoto wataanza kulia kabla hamjafika katikati.

Ni kilomita 40 hivi kutoka Malindi. Mnavuka daraja la Sabaki, halafu mnaiacha barabara ya Garsen na kukata kushoto kuingia bara ya Magarini. Ondokeni saa nane. Kwa matatu mtafika, ila kurudi baada ya magharibi ndiyo kazi. Afadhali mkodi gari, na muafikiane na dereva tangu mwanzo kwamba atasubiri hadi jua litue. Msipoafikiana, saa kumi na moja ataanza kupiga honi, na hapo ndipo rangi zinapoanza kukolea.

Rangi zenyewe ndizo mnazozifuata. Palikuwa na mgongo wa mchanga ulioshikana kuwa jiwe laini. Mvua na upepo vimeula hadi pamebaki korongo lenye minara iliyochongoka, tabaka jeupe, waridi, la machungwa na jekundu. Wekundu ni chuma kilichomo ndani ya udongo. Mchana rangi hizi hupauka. Jua likilala huwaka.

Mahali hapa panaendeshwa na wenyeji wa Marafa. Mnalipa kiingilio mlangoni, kisha mnapewa mwongozaji. Mchukueni hata kama mnajiona wajuzi, maana njia za chini hubadilika kila msimu wa mvua na nyingine huishia ukutani. Atawasimulia pia habari za ukoo tajiri uliokuwa ukioga maziwa, Mungu akawadidimiza. Watoto husikiliza hiyo kuliko somo la udongo.

Sasa ukingo. Usimwache mtoto ausogelee. Maji hula udongo kwa chini, juu pakabaki ulimi mwembamba unaoonekana imara kwa macho tu. Kaeni hatua tano nyuma, na wa chini ya miaka mitano ashikwe mkono muda wote. Bibi mwenye magoti mabovu asishuke. Mandhari ya juu yanamtosha, tena ndiyo bora kwa picha.

Wa kushuka wavae viatu vya kufunika. Ndara huteleza kwenye changarawe, na makubadhi hujaa mchanga. Ikiwa imenyesha siku hiyo au jana yake, ahirisheni: udongo unateleza na vipande vya kuta hung'oka. Aprili na Mei ndiyo miezi mibaya zaidi.

Maji ni lita moja na nusu kwa kila mtu, na zaidi kwa anayeshuka. Chakula bebeni wenyewe, lakini mbaazi za nazi ziacheni nyumbani. Kwa joto la ndani ya gari zitakuwa zimechacha kabla ya saa kumi. Mahamri makavu, mayai ya kuchemsha, kachiri na machungwa vinastahimili. Takataka mrudi nazo.

Shukeni saa kumi, muwe mmepanda juu kufikia saa kumi na mbili kasorobo. Mnapopanda kurudi tangulizeni watoto, mtu mzima afuate nyuma yao.